Tiba ya sonona kwa mipigo ya sumaku: mwongozo kwa mgonjwa na familia walioko Moshi na Arusha

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia ambayo imeshakaa kikao, pengine zaidi ya kimoja, kujadili kama kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kiuzwe ili mmoja wao apelekwe mbali kutibiwa sonona kwa mashine ya sumaku. Niliwahi kuketi katika kikao cha namna hiyo huko Kibosho, na ndugu tuliyekuwa tukimjadili alikuwa amelala chumba cha pili akisikia kila neno. Wajomba walikuwa tayari kuchanga na shangazi walikuwa tayari kuuguza, lakini hakuna aliyejua kipi kitangulie na kipi kifuate. Nimejifunza baadaye, kwa kuuliza madaktari, kwa kusoma na kwa kukosea, na hapa nayapanga mambo hayo kwa hatua ili wengine wasipoteze miezi tuliyopoteza sisi.

Nautaja msimamo wangu mapema. Tiba hii ni ya kweli na imefanyiwa utafiti wa miaka mingi, ila nafasi yake ni baada ya dawa na ushauri kutumika ipasavyo, na sehemu kubwa ya kazi inayoamua kama fedha za familia zitazaa matunda hufanyika hapa hapa Moshi na Arusha, kabla mtu hajapanda gari.

Mashine inafanya nini

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu nayo, na ni kwa kanuni hiyo hiyo mitambo ya bwawa la Nyumba ya Mungu hutupatia umeme. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield waliitumia kanuni hiyo kwenye kichwa cha mtu aliye macho: waliweka koili, yaani waya uliozungushwa, juu ya fuvu, mpigo mfupi wa sumaku ukapenya mfupa bila kuujeruhi, na misuli ya mkono ikashtuka kwa sababu seli za neva za ubongo zilipata umeme kidogo. Tiba ya sonona imejengwa juu ya jambo hilo. Koili, ambayo mara nyingi ina umbo la tarakimu nane, hulazwa juu ya sehemu ya mbele ya kichwa, kwa kawaida upande wa kushoto, mahali ambapo chini yake kuna eneo la ubongo linalosaidia kupanga mambo na kutawala hisia. Nguvu ya sumaku yenyewe hukaribia ile ya mashine za MRI zilizozoeleka, zinazopiga picha za ndani ya mwili, yaani takriban tesla 1.5, lakini kila mpigo hudumu kwa muda usiofika sehemu moja kati ya elfu ya sekunde, na athari yake huishia sentimita 2 hadi 3 ndani. Mipigo ikirudiwa kwa maelfu, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, mawasiliano kati ya eneo hilo na sehemu za ndani zaidi za ubongo huanza kubadilika.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hii kwa sonona mwaka 2008, na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliikubali mwaka 2015. Madaktari wengi huitaja kwa kifupisho cha TMS, na ni vema kukikumbuka kifupisho hicho, kwa kuwa ndicho kitakachoandikwa kwenye barua ya rufaa.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya na tiba hii. Cha kwanza ni tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanza mjini Roma mwaka 1938, ambayo siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi na ambayo humletea degedege kwa makusudi na kwa uangalizi. Tiba ya sumaku haihitaji nusukaputi, haikusudii degedege wala haifuti kumbukumbu, na mgonjwa anaweza kuondoka kwa miguu yake mara kikao kinapokwisha. Hata hivyo isidhaniwe kwamba tiba ya umeme imepitwa na wakati, kwa sababu kwa mgonjwa aliyeacha kula na kunywa, au anayesikia sauti zinazomwamuru afe, tiba hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi na matokeo yake huja mapema zaidi.

Kitu cha pili kinanisikitisha zaidi, maana huuzwa mitaani na kwenye semina za hotelini: bangili za sumaku, magodoro ya sumaku, na vile vifaa vya kushika mkononi vinavyodaiwa kupima mwili mzima kwa dakika moja. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme katika ubongo, iwe ndogo au kubwa, kwa kuwa kanuni ya Faraday inadai mabadiliko ya haraka, na mabadiliko hayo yanahitaji mashine inayopitisha maelfu ya ampia ndani ya koili. Anayekuuzia bangili kwa ajili ya sonona anachukua fedha ambazo zingenunua dawa.

Hatua ya kwanza: linda maisha ya mgonjwa leo

Tiba ya sumaku huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo si tiba ya dharura. Kama mgonjwa anazungumzia kufa, ameanza kugawa vitu vyake, au amewaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, apelekwe siku hiyo hiyo kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, iwe Mawenzi au KCMC kwa walioko Moshi, au Mount Meru kwa walioko Arusha, na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata ahueni kwa kuulizwa.

Wakati huo huo, mtu mmoja wa nyumbani achukue jukumu la kuondoa dawa za kupulizia kahawa, mboga na maua, ambazo katika mashamba yetu hukaa kwenye chumba cha stoo bila kufuli, na kuzihamishia kwa jirani anayeaminika. Dawa za hospitali nazo zitunzwe na mtu mmoja, hasa amitriptilini, ambayo ikimezwa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga mapigo ya moyo.

Hatua ya pili: pata jina sahihi la ugonjwa

Tulimwita ndugu yetu mwenye mawazo, kisha mvivu, kisha aliyerogwa, na majina yote hayo yalitupotezea muda. Sonona ina dalili zake: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili mfululizo au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ya hamu ya kula, ya nguvu na ya umakini, hisia ya kutokuwa na thamani, na mawazo ya kifo. Anayepaswa kuitambua kwa uhakika ni daktari wa afya ya akili. Huduma hiyo inapatikana katika hospitali za rufaa nilizozitaja, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuanzia Dodoma au Dar es Salaam. Maombi ya kanisani au msikitini yaendelee kama familia inavyotaka, ilimradi hayamzuii mgonjwa kwenda kliniki.

Katika ziara ya kwanza mwombeni daktari apime mambo yanayoweza kujificha chini ya sura ya sonona, kama vile upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na aangalie dawa zote ambazo mgonjwa anatumia kwa maradhi mengine. Daktari aambiwe pia ukweli kuhusu pombe. Najua ugumu wake katika nyumba ambamo mbege ni sehemu ya kila shughuli, lakini pombe ya kila siku huzalisha sonona yenyewe, na mnywaji anayeacha ghafla anaweza kupata degedege, jambo ambalo, kama tutakavyoona, ndilo hatari kubwa kuliko zote chini ya mashine ya sumaku.

Swali jingine lisiloachwa ni hili: je, mgonjwa aliwahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopita kiasi, hapati usingizi, anazungumza bila kituo, anatumia fedha ovyo na kuanzisha miradi mitano kwa wiki? Mwenye historia hiyo huenda ana ugonjwa wa hisia mseto, na matibabu yake yana mpangilio tofauti.

Katika ziara hiyo ombeni pia dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9, limetafsiriwa kwa Kiswahili, na jumla yake ni alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 hali inahitaji matibabu, na kuanzia 20 sonona ni kali. Nunueni daftari, mwandike tarehe na alama, na dodoso lirudiwe kila baada ya wiki mbili. Daftari hilo litafanya kazi hadi mwisho wa safari yote, kwa sababu bila namba kila mmoja katika familia atakuwa na maoni yake juu ya kama mgonjwa amepata nafuu.

Hatua ya tatu: chunguza kama dawa zimeshindwa kweli

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Katika nchi nyingi tiba ya sumaku hufikiriwa kwa mgonjwa ambaye ametumia angalau dawa mbili za sonona, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, bila kupata nafuu ya maana. Maneno yenye uzito ni hayo mawili: dozi na muda.

Dawa zinazopatikana kwa urahisi kwetu ni amitriptilini na fluoksetini, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini hutolewa mara nyingi kwa miligramu 25 usiku, kiasi ambacho husaidia usingizi na maumivu ya neva, ilhali dozi inayotarajiwa kutibu sonona ya mtu mzima kwa kawaida huanzia miligramu 75 na inaweza kupandishwa hadi 150. Ndugu yetu alikaa miezi minne kwenye miligramu 25, akiandikiwa upya kila mwezi katika kituo kimoja chenye foleni ndefu, na sote tukaamini kwamba dawa zimeshindwa. Dawa haikuwa imejaribiwa. Fluoksetini nayo huanza kwa miligramu 20 kwa siku, huhitaji wiki 4 hadi 6 ili kuonyesha uwezo wake, na daktari anaweza kuiongeza hadi 40 au zaidi kama nafuu ni ndogo. Wengi huiacha katika wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu, wakati ambapo madhara yamefika na faida bado iko njiani.

Kwa hiyo kusanyeni vyeti, kadi za kliniki na pakiti tupu za dawa, kisha mwandike kwenye daftari jina la kila dawa, miligramu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na sababu ya kuacha. Mkimaliza, mpelekeeni daktari na kumwomba aseme, dawa kwa dawa, ipi ilitumika ipasavyo. Msiongeze dozi wenyewe kwa kusoma mwongozo huu. Ulizeni pia kuhusu ushauri wa kisaikolojia, ambao kwa sonona ya kadiri unaweza kulingana na dawa kwa nguvu, na ambao ukichanganywa na dawa huwasaidia wengi kuliko kimoja peke yake.

Nina hakika kwamba baadhi ya familia zitakazofanya hatua hii kwa uaminifu hazitahitaji kuendelea na hatua zinazofuata, na kihamba chao kitabaki salama.

Hatua ya nne: chunguza kichwa

Hatari kubwa ya tiba hii ni degedege wakati wa kikao. Hutokea kwa nadra sana, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 1,000, lakini unadra huo umetokana na kuwachuja wagonjwa kabla ya kuanza, na maisha ya kwetu yana mambo ambayo fomu iliyotungwa Ulaya haiyaulizi.

Muulizeni mama au bibi wa mgonjwa kama aliwahi kupata degedege utotoni, hasa wakati wa malaria kali, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kukumbuka. Elezeni ajali zote za bodaboda zilizomfanya apoteze fahamu, hata kama alirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkumbuke pia minyoo ya tegu ya nguruwe, ambayo viluwiluwi vyake hujenga vifuko ndani ya ubongo na ni chanzo kikubwa cha kifafa katika maeneo yanayofuga nguruwe kwa kuwaachia. Watafiti waliofanya kazi Haydom, wilayani Mbulu, walivikuta vifuko hivyo kwa sehemu ya wagonjwa wa kifafa waliowapiga picha za ubongo. Asiyekula kitimoto asijione yuko salama, kwa sababu vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya mnyoo yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Kama kuna kichwa kinachouma kwa muda mrefu, kuanguka kusikoelezeka, au degedege lolote ukubwani, ombeni kipimo cha picha cha CT cha kichwa kabla ya kufikiria safari.

Baada ya hapo ni chuma. Sumaku yenye nguvu inaweza kusogeza au kupasha joto chuma kilicho ndani ya mwili karibu na koili, na inaweza kuharibu vifaa vya umeme vilivyopandikizwa. Mwenye kibanio kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, betri ya moyo, au vipande vya risasi na bomu vilivyobaki kichwani au shingoni, kama alivyo mzee mmoja mmoja aliyepigana vita vya Kagera, lazima amweleze daktari, na wengi wao hawatafanyiwa tiba hii. Bamba lililowekwa baada ya kuvunjika fuvu au taya liambatane na maelezo ya hospitali iliyoliweka, ili wataalamu wajue limetengenezwa kwa madini gani. Meno yaliyozibwa kwa kawaida si kizuizi.

Mwisho ni dawa. Tramadoli, ambayo watu huinunua dukani kwa maumivu ya mgongo, hushusha kinga ya ubongo dhidi ya degedege, na amitriptilini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi fulani. Diazepamu ni kisa tofauti: huonekana kupunguza faida ya tiba ya sumaku, na ikikatwa ghafla inaweza yenyewe kuleta degedege, kwa hiyo ipunguzwe polepole chini ya daktari, wiki kadhaa kabla.

Hatua ya tano: chagua kituo kwa maswali

Mashine hizi ni chache katika ukanda wetu, na kituo chenye mashine leo huenda kisiwe na mtaalamu wa kuiendesha mwezi ujao. Kwa sababu hiyo mwombeni daktari wenu wa KCMC, Mawenzi au Mount Meru aandike barua ya rufaa na awasiliane na kituo yeye mwenyewe, iwe ni ndani ya nchi, ng'ambo ya Namanga, Afrika Kusini au India. Majibu ya kituo yawe kwa maandishi.

Maswali ya kuuliza ni haya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili atamwona mgonjwa kabla ya kikao cha kwanza, au atakutana na fundi peke yake? Daktari huyo amesajiliwa na baraza la madaktari la nchi husika, kama sisi tulivyo na Baraza la Madaktari Tanganyika? Mashine imesajiliwa na mamlaka ya vifaa tiba, ambayo kwa Tanzania ni TMDA? Mgonjwa akipata degedege nani yuko jengoni, na oksijeni na dawa ziko wapi? Watafuata utaratibu gani, mipigo mingapi kwa kikao, vikao vingapi kwa jumla? Umeme ukikatika wana jenereta? Kituo kizuri hujibu yote hayo bila kuudhika.

Kituo kinachoahidi kupona kwa asilimia 100 kiepukwe. Katika jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2010, ambalo lilihusisha wagonjwa 190 waliokuwa wameacha dawa, waliopona dalili walikuwa asilimia 14 kwa mashine ya kweli na asilimia 5 kwa mashine ya kuigiza. Katika kliniki za kawaida matokeo ni bora zaidi: ripoti ya mwaka 2012 iliyohusu wagonjwa 307 ilionyesha kwamba, kwa tathmini ya madaktari wao, asilimia 58 walipata nafuu ya maana na asilimia 37 walipona dalili, ingawa hapo wengi waliendelea na dawa na kila mmoja alijua kwamba anatibiwa. Familia inayoamua iziweke namba zote mbili mezani.

Hatua ya sita: fanya hesabu ya wiki sita

Utaratibu uliozoeleka ni kikao kimoja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6, na mara nyingine hufuatiwa na vikao vichache vya kupunguza. Kuna pia utaratibu wa siku 5 wenye vikao 10 kila siku, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2022, ambao unahitaji picha maalumu za ubongo na haupatikani kirahisi. Kwa hiyo bei ya kikao kimoja, ambayo ndiyo hutajwa kwenye simu, ni mwanzo tu wa hesabu. Zidisheni bei hiyo kwa vikao vyote, mwongeze chumba cha watu wawili kwa wiki sita, chakula, nauli ya kila siku, vipimo vya awali, na mshahara au biashara itakayosimama. Kuhusu bima, pateni jibu la maandishi kabla ya safari, kwa kuwa neno la mdomo la mtu wa dirishani halitasaidia ankara ikija.

Wenye kazi ya utalii wangefanya vema kuchagua miezi ya masika, Aprili na Mei, wakati wageni wamepungua, na wakulima wa kahawa wamalize mavuno kwanza kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Anayesafiri kwa basi aondoke mchana na apumzike usiku mzima kabla ya kikao cha kwanza. Nasisitiza jambo hili: kukosa usingizi huongeza hatari ya degedege, na mgonjwa aliyeshuka kwenye basi la usiku hafai kupelekwa moja kwa moja kwenye koili.

Nywele nazo zina sehemu yake. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri koili inavyokuwa mbali na fuvu, kwa hiyo wigi, nywele za kushonea na rasta nene hupunguza dozi inayofika kwenye ubongo, na vibanio vya chuma haviruhusiwi kabisa. Kwa mwanamke ninapendekeza twende kilioni nyembamba zinazolala juu ya ngozi, au nywele fupi, na mtindo usibadilishwe hadi vikao viishe ili umbali ubaki ule ule.

Hatua ya saba: ndani ya chumba cha tiba

Mgonjwa huvua hereni, mkufu, miwani na simu, huketi kwenye kiti kinachofanana na cha daktari wa meno, na huwekewa vizibo vya masikio, ambavyo asikubali kukosa hata siku moja, kwani koili hutoa mlio mkali unaoweza kudhuru usikivu. Siku ya kwanza hutumika kupima. Mtaalamu hutafuta mahali ambapo mpigo mmoja hufanya kidole gumba cha mkono wa upande wa pili wa mwili kishtuke, na nguvu ndogo kabisa inayoleta mshtuko huo huitwa kizingiti cha mgonjwa huyo. Nguvu ya tiba hupangwa kwa kufuata kizingiti, mara nyingi asilimia 120 yake, kisha koili husogezwa mbele hadi mahali pa tiba kwa kupima kichwa au kwa kutumia picha ya MRI.

Mipigo inapoanza, mgonjwa husikia kitu kama kigong'ota anayegonga mti juu ya paji lake la uso. Katika utaratibu wa zamani mashine hupiga kwa sekunde 4 na kupumzika sekunde 26, mipigo 3,000 kwa dakika 37.5. Utaratibu mpya huchukua dakika 3 na sekunde chache kwa mipigo 600, na jaribio la wagonjwa 414 lililofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba matokeo yake hayapungui yale ya utaratibu mrefu. Kwa kituo chenye mashine moja na foleni, tofauti hiyo ni kubwa, na msihisi mmepunjwa mkipewa dakika 3.

Ngozi ya kichwa inaweza kuuma, kope na shavu zinaweza kurukaruka, na kichwa kinaweza kuuma jioni. Parasetamoli hutosha kwa wengi, na maumivu hupungua baada ya wiki ya kwanza. Mgonjwa aseme anapoumia, kwa sababu koili inaweza kugeuzwa kidogo na nguvu inaweza kupandishwa taratibu. Aseme pia, kila siku kabla ya kuketi, kama hakulala, kama amekunywa pombe, au kama amebadilishiwa dawa yoyote. Anayeambatana naye aangalie upande wa pili: mgonjwa akianza kulala kwa muda wa saa mbili tu huku akiwa na nguvu na mipango isiyokwisha, daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili ni ngumu. Fedha zimeshatumika, wa nyumbani wanapiga simu kuuliza, na mgonjwa mwenyewe haoni mabadiliko. Kwa wengi nafuu huonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, kwa wengine karibu na mwisho, na mara nyingi huonwa kwanza na mtu wa pembeni: amemaliza sahani, ameuliza habari za watoto, ameamka kuoga bila kuambiwa. Mambo hayo yaandikwe kwenye daftari pamoja na alama za PHQ-9. Alama zikishuka kwa nusu au zaidi, tiba imefanya kazi. Zikiwa chini ya 5, dalili zimekwisha. Kama baada ya wiki 6 hazijasogea, mgonjwa aambiwe kwa upole na kwa uwazi kwamba mashine haikumfaa, na kwamba bado kuna dawa nyingine, ushauri, na tiba ya umeme. Msimwache ajilaumu kwa ajili ya kihamba.

Hatua ya nane: kurudi nyumbani

Dawa za sonona haziachwi kwa sababu ya nafuu. Daktari wa nyumbani ndiye atakayeamua muda wake, ambao kwa kawaida si chini ya miezi kadhaa baada ya dalili kwisha. Katika ufuatiliaji wa mwaka mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2014, zaidi ya nusu ya waliopata nafuu kwa sumaku walibaki nayo, na baadhi yao walihitaji vikao vya nyongeza katikati ya mwaka. Kliniki iwe ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya.

Kabla ya kuondoka kituoni dai barua ya kutoka, na uisome ukiwa bado ndani ya jengo. Iwe na kizingiti cha mgonjwa, mahali koili ilipowekwa na namna palivyopimwa, idadi ya mipigo kwa kikao, idadi ya vikao, madhara yaliyotokea, dawa alizokuwa akitumia, na alama za PHQ-9 za mwanzo na za mwisho. Sonona ikirudi, mtaalamu yeyote atakayeishika barua hiyo ataanzia mahali mwenzake alipoishia. Nakala moja ibaki kwenye faili la kliniki, nyingine ibanwe ndani ya daftari, na ya tatu akabidhiwe mgonjwa mwenyewe mkononi.